Kujifunza kwa Mkono Bila Mwalimu: Uhakiki wa Kitabu cha Scott Cunningham juu ya Wicca

0. Utangulizi

Mwaka 1988 kampuni ya Llewellyn, iliyokuwa wakati huo katika mji wa St. Paul nchini Marekani, ilitoa kitabu cha Scott Cunningham kiitwacho Wicca: A Guide for the Solitary Practitioner. Kitabu hicho kinamwahidi msomaji jambo ambalo, likisemwa kwa Kiswahili, linashtua: kwamba anaweza kuwa mchawi kwa hiari yake, nyumbani kwake, bila mwalimu wala kikundi, na kwamba atakua katika uchawi huo kwa kuutenda tu. Mwenye kuyasikia maneno hayo Lubumbashi au Kisangani atauliza mara moja: ni nani atakayelitaka jina hilo, na amemroga nani?

Swali hilo si la kipuuzi. Linagusa mambo mawili ambayo uhakiki unapaswa kuyachunguza pamoja. La kwanza ni la kitabu chenyewe: je, mtu aweza kukomaa katika kazi yoyote kwa mazoezi ya mikono yake, pasipo mtu wa kumwambia kwamba amekosea? La pili ni la lugha: huyo aliyekomaa aitweje kwa Kiswahili? Itaonekana hapa chini kwamba jibu la swali la pili linategemea jibu la swali la kwanza, na kwamba mfasiri anayelirukia la pili bila kupitia la kwanza anaweza kumdhuru mtu asiyemjua.

1. Kitabu na ukoo wake

Wicca ni dini mpya iliyojitokeza hadharani Uingereza katikati ya karne ya 20. Mwenezi wake mkuu, Gerald Gardner (1884-1964), alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Malaya kabla ya kustaafu na kurudi kwao. Kitabu chake Witchcraft Today kilitoka mwaka 1954, miaka 3 baada ya Bunge la Uingereza kuifuta sheria ya uchawi ya mwaka 1735. Sheria hiyo inastahili kukumbukwa kwa sababu itarudi tena katika hoja hii: haikumwadhibu mtu kwa kuwa mchawi, bali kwa kujidai kuwa na nguvu za kichawi. Waliotunga sheria hiyo walikwisha kuacha kuamini kwamba uchawi upo. Kwao anayejitangaza alikuwa mlaghai.

Gardner alidai kwamba alipokea dini ya kale iliyookoka mateso ya zamani. Dai hilo liliegemea nadharia ya Margaret Murray ya mwaka 1921, ambayo wanahistoria wameikataa. Naye Ronald Hutton, katika utafiti wake wa mwaka 1999, alionyesha kuwa Wicca ni zao la Uingereza ya siku za karibuni, lililochota katika fasihi na vyama vya siri vya karne zilizotangulia. Hata hivyo, kama historia ya Gardner ilikuwa dhaifu, utaratibu wake ulikuwa imara. Mtu aliingia katika kikundi. Aliingizwa na mtu aliyekwisha kuingizwa. Alipanda daraja 3. Na kitabu cha ibada alikinakili kwa mkono kutoka katika kile cha mkubwa wake. Elimu ya mkono ilikuwapo tangu mwanzo, ila mkono huo ulikuwa na msimamizi.

Msimamizi huyo aliondolewa hatua kwa hatua. Mwaka 1978 Doreen Valiente, aliyekuwa ameingizwa na Gardner mwenyewe, alichapisha katika Witchcraft for Tomorrow ibada ya mtu kujiingiza peke yake. Watetezi wa njia hiyo huuliza swali ambalo ni gumu kulijibu: yule wa kwanza kabisa aliingizwa na nani? Cunningham, aliyezaliwa mwaka 1956 na kufariki mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka 36 tu, aliimalizia kazi hiyo. Kabla yake alikuwa amekwisha kuandika Magical Herbalism (1982) na Earth Power (1983), vitabu vya majani, mawe, maji na moto. Alipoiandikia dini nzima, aliiandika kama mtu anayefundisha kazi ya mikono.

2. Mkono kabla ya imani

Kitabu kimegawanyika katika sehemu 3: nadharia, utendaji, na mwishoni kitabu kizima cha ibada ambacho mwandishi anakitoa kama kielelezo. Ugavi huo unaweza kumdanganya msomaji afikiri kwamba nadharia ndiyo msingi na utendaji ni matumizi yake. Ukisoma kwa makini utaona kinyume chake. Sehemu ya nadharia ni nyepesi, na mahali pengine imejaa matamko yasiyothibitishwa. Nguvu yote ya kitabu imo katika kurasa zinazomwambia msomaji afanye nini.

Mfano mzuri ni zoezi la viganja. Mwanafunzi anaambiwa avisugue viganja vyake, kisha avitenganishe kidogo, aangalie anachokisikia katikati. Kila mtu aliyewahi kusugua mikono yake asubuhi ya kiangazi anajua kwamba atasikia kitu: joto, mnyeo, kama ukinzani mdogo. Daktari atasema ni damu na mishipa ya fahamu. Cunningham anasema ni nguvu, na kwamba kazi yote ya baadaye ni kuiamsha nguvu hiyo, kuielekeza na kuiachilia. Uzuri wa zoezi hili kama mbinu ya uandishi ni kwamba haliwezi kushindwa. Msomaji hatakiwi kuamini kwanza; anatakiwa kusugua mikono, na hapohapo amekwisha kuingia.

Vyombo navyo vimechaguliwa kwa ufundi uleule: ufagio, chungu, kikombe, kisu, kengele, chumvi, mshumaa. Hakuna hata kimoja ambacho nyumba ya kawaida haina au haiwezi kukipata kwa bei ndogo katika duka la vitu vilivyokwisha kutumika. Kufagia mahali pa ibada ni ibada yenyewe. Kutia chumvi ndani ya maji ni ibada. Mwaka umepangwa kwa sikukuu 8 za majira na kwa mwezi mpevu, kiasi kwamba mwanafunzi hakai muda mrefu bila kuwa na jambo la kutenda. Lugha ya kitabu inafuata mpango huo: vitenzi vya kuamuru kwa upole, sentensi fupi, ruhusa nyingi. Asiye na kisu na atumie kidole. Asiye na bustani na atumie chungu cha maua.

Je, mazoezi ya namna hiyo hubadilisha mtu kweli? Jibu lenye uzito halimo katika kitabu hiki, limo katika utafiti wa Tanya Luhrmann, mwanaanthropolojia aliyeishi miongoni mwa wafuasi wa uchawi huu jijini London na kuchapisha matokeo yake mwaka 1989. Watu aliowakuta walikuwa wenye elimu na kazi za kawaida. Hawakuanza kwa kuamini. Walianza kwa kujaribu, na kadiri walivyozidi kutenda, namna yao ya kuyafasiri matukio ilihama polepole, bila wao kutambua siku iliyohama. Jambo lililokuwa sadfa likawa ishara. Hisia iliyokuwa ya mwili ikawa nguvu. Mkono ulitangulia, imani ikafuata kama kivuli.

Ukikisoma kitabu cha Cunningham ukiwa na utafiti huo akilini, unaelewa kwa nini kimefanikiwa na kuchapishwa tena na tena. Kinajua kwamba mtu hajifunzi kuogelea kwa kusikia habari za maji. Hiyo ni sifa yake ya kweli, na mhakiki asiyeikubali hajakitendea haki.

3. Nani atausahihisha mkono?

Lakini hapo hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Zoezi lisiloweza kushindwa haliwezi pia kufundisha tofauti ya kupatia na kukosea. Mfua chuma anayejifunza peke yake ana mwalimu mkali hata kama hana bwana: jembe likivunjika, limevunjika. Mwanafunzi wa Cunningham amewasha mshumaa ili apate amani ya moyo. Akiipata, ibada imefaulu. Asipoipata, labda hakuikusudia vya kutosha, labda wakati haukuwa mwafaka. Kipimo kimewekwa mikononi mwa yule anayepimwa. Kukua kunakopimwa hivyo huweza kuwa kuzoea tu.

Wahenga waliosema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa hawakuwa wakilaumu upweke. Walikuwa wakieleza kwamba kuna kazi ambazo zahitaji upande wa pili wa kusukumana nao. Tiba za ngoma ambazo John Janzen alizichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1992, kuanzia Kinshasa na Dar es Salaam hadi Cape Town, zinaonyesha jambo hilo waziwazi. Humo pia watu hujifunza kwa kutenda: mgonjwa huingizwa, hucheza, huimba, hujua dawa kwa kuzishika, na mwishowe anaweza kuwa mganga. Lakini safari yake yote iko mbele ya macho ya waliomtangulia. Ndoto yake husikilizwa na wengine. Wimbo wake huitikiwa au hauitikiwi. Kutoitikiwa kwa wimbo ni sahihisho ambalo hakuna kitabu kiwezacho kulitoa.

Kuna pia mahali ambapo kosa halingoji hisia. Majani ya digitali, kabla mmea huo haujatoa maua, hufanana na majani ya komfri, na watu wamewahi kudhurika kwa kuyachanganya. Digitali imeupa utabibu dawa ya moyo, lakini ikizidi kidogo husimamisha moyo huohuo. Bibi mchuma majani humshika mjukuu mkono na kumwambia: hili achia. Mtu aliyejifunza majani kwa kitabu pekee, hata kitabu chenye maonyo, hana mkono wa kumshika.

Haki inadai kuongeza kwamba Cunningham mwenyewe, kwa mujibu wa wanaosimulia maisha yake, alianza ujanani kwa kufundishwa na wenzake na kuingizwa katika vikundi kabla ya kuchagua kutenda peke yake. Upweke aliowafundisha wengine ulikuwa upweke wa mtu aliyekwisha kusahihishwa. Hilo halimfanyi kuwa mnafiki, lakini linaonyesha kitu ambacho kitabu kimekiacha nje bila kukusudia: miaka ile ya mwanzo, ambayo msomaji wake hatakuwa nayo.

Je, basi njia ya peke yake imefungwa? Hapana. Kitabu chenyewe kina vifaa viwili vya kusahihisha, ingawa hakivitumii hadi mwisho. Cha kwanza ni daftari. Cunningham anamtaka mwanafunzi aandike kila alichofanya, alichohisi na kilichofuata. Daftari hilo analiita kwa jina la kioo. Jina limefaa kuliko matumizi yake, kwa maana kioo huonyesha na madoa. Daftari lenye mafanikio matupu ni picha ya kujisifu. Daftari linaloandika pia mara ambazo mshumaa uliwaka na hakuna kilichotokea, mtindo wa mwaka mzima, linaweza kumwambia mwenyewe ukweli ambao moyo wake haukutaka kuusikia.

Kifaa cha pili ni dunia ya nje. Kalenda ya sikukuu 8 imekatwa kwa kipimo cha Ulaya ya kaskazini: Yule, sikukuu ya kurudi kwa jua, inaangukia Desemba, penye usiku mrefu kuliko yote. Mfuasi wa Australia akiifuata tarehe ya kitabu atasherehekea kurudi kwa jua wakati wa joto kali. Wengi wa huko waliona hivyo, wakaisogeza kalenda yote kwa miezi 6. Hakuna mkuu aliyewaamuru. Jua ndilo lililowasahihisha. Hapo mazoezi yamefanya kazi yake kamili: mtu ametenda, ameona kwamba tendo halikubaliani na mbingu, na amekibadilisha kitabu badala ya kuyafumba macho. Kama kukua peke yake kunawezekana, kunafanana na hivyo.

4. Kitenzi kinachodai mtendwa

Sasa ndipo swali la jina linapoweza kuulizwa vema. Mtu huyu afagiaye chumba chake, awashaye mshumaa na kuandika daftari, ni mchawi?

Sarufi ina la kusema hapa. Kitenzi kuroga ni kitenzi elekezi: mtu haroghi tu, humroga fulani, na matumizi yake ya kawaida kabisa ni katika kauli ya kutendwa, amerogwa. Mtendwa hujulikana kabla ya mtenda. Kuna mgonjwa au maiti, kisha hutafutwa mkosaji. Kuganga nako kunadai mtendwa, yaani mgonjwa, na methali husema mganga hajigangi. Mtu wa Cunningham hana mtendwa. Kanuni kuu ya dini yake ni kutomdhuru yeyote, na wa kwanza kunufaika na ibada zake ni yeye mwenyewe. Kwa njia yake ya kujifunza, kwa majani, vyombo na mazoezi, anaukaribia uganga. Kwa nafasi yake katika jamii hafanani na mganga, kwa sababu hakuna anayebisha mlangoni pake kuomba tiba.

Tofauti ya pili ni ya asili. E. E. Evans-Pritchard alipoandika juu ya Waazande mwaka 1937 alionyesha kwamba wao wanatenga mangu, kitu kilichomo tumboni ambacho mtu hukirithi na anaweza kuwa nacho bila kujua, na dawa, ambazo mtu hujifunza kuzitumia. Mwenye mangu hahitaji mazoezi. Mchawi wa Cunningham, kinyume chake, ameundwa na mazoezi matupu: akiacha kutenda, hakubaki kitu.

Tofauti ya tatu ndiyo nzito. Mchawi katika Kiswahili ni jina ambalo mtu hupewa. Nafsi yake ni ya pili na ya tatu: wewe ni mchawi, yule ni mchawi. Katika nafsi ya kwanza, mimi ni mchawi, sentensi hiyo hubadilika kuwa ungamo, na mara nyingi ungamo lililokamuliwa. Kiswahili cha Lubumbashi kina mulozi na bulozi, nayo hali ni ileile. Msomi anayetoka kwenye Kiswahili Sanifu na anayestaajabu kusikia balozi wakiogopwa hivyo usiku hukumbushwa upesi kwamba hao si wajumbe wa nchi za nje. Wala jambo hili si la Afrika peke yake. Jeanne Favret-Saada, katika Les mots, la mort, les sorts cha mwaka 1977, alikuta katika vijiji vya magharibi mwa Ufaransa kwamba hakuna anayejiita mlozi; wapo wanaosema wamerogwa na wapo wanaoshtakiwa, na neno lenyewe ndilo silaha.

Cunningham na wenzake walifanya jambo la kijasiri katika Kiingereza: waliuchukua mshtaka wakaufanya jina la kujichagulia. Iliwezekana kwa sababu tangu mwaka 1735 mshtaka huo ulikuwa umekwisha kupoteza meno yake mahakamani, hata ikabaki kosa la kujidai tu, nalo likafutwa mwaka 1951. Neno lililotulizwa hivyo kwa zaidi ya karne 2 linaweza kuokotwa na kuvaliwa kama pambo.

Kongo neno halijatulizwa. Watoto waliofukuzwa majumbani jijini Kinshasa kwa kuitwa wachawi, ambao Filip De Boeck aliandika habari zao mwaka 2004, hawakujichagulia jina hilo. Ndiyo maana Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaliadhibu kosa hilo kwa kifungo. Tazama mgeuko huo: sheria ya Uingereza iliyofutwa mwaka 1951 ilimwadhibu anayejiita, sheria ya Kongo inamwadhibu anayemwita mtoto. Kila moja ililitambua neno mahali lilipoumiza.

Kwa hiyo mfasiri atakayeandika katika jalada la Kiswahili kwamba hiki ni kitabu cha kuwa mchawi peke yako atakuwa ametafsiri herufi na kuiacha maana. Atakuwa pia ameongeza, bila kutaka, ushahidi mpya katika mikono ya wanaodai kwamba uchawi hufundishwa kwa siri, hata kwa mtoto aliye peke yake chumbani na mshumaa wake. Linalofaa ni kulibakiza jina la dini, Wicca, na kumwita mtu wake mfuasi wa Wicca. Na pale ambapo mwandishi wa Kiingereza analishika kwa makusudi neno la mshtaka, mfasiri aandike mchawi na kueleza katika utangulizi ni tendo gani la lugha linalofanyika hapo. Mganga asitumiwe, kwa maana humpa mtu huyo wagonjwa asio nao.

5. Hitimisho

Kitabu cha Cunningham kimeshinda pale kilipotambua kwamba mtu hukua kwa kutenda, na kwamba ufagio na chumvi vinatosha kuanzia. Kimeshindwa pale kilipodhani kwamba kutenda peke yake ni kukua. Mkono hujifunza unapopingwa: na mwenzake, na jua, na jembe lililovunjika, au walau na daftari lisilodanganya.

Funzo hilo linamhusu mfasiri pia, ambaye naye hufanya kazi peke yake chumbani, na vyombo vyake ni kamusi na karatasi. Kamusi itampa mchawi bila kumpinga. Kabla hajaliandika, na atoke nje kidogo, alisikilize neno hilo linapotamkwa mtaani, na amwangalie mtoto anayelisikia.